Ng'ombe Aliyeombwa kwa Mnong'ono

Baba,

Shikamoo. Ng'ombe wako mwekundu bado yumo zizini, ila ilibaki kidogo tumkose. Hata arobaini yako ilikuwa haijafika, jirani yetu Mzee Luhende akanipeleka mahakama ya mwanzo, akidai ulimpa ng'ombe huyo kabla hujafa. Wajukuu zako hawana maziwa mengine, kwa hiyo nilijifunga khanga mpya nikaenda.

Shahidi wake alikuwa mpwa wake Shija, yule anayeishi Katoro, ambaye hakuwahi kukaa nawe hata robo saa. Alikuja na koti la kuazima. Akaapa kwamba aliwaona mkikubaliana. Hakimu akaniruhusu kumuuliza maswali. Mdomo nimerithi kwako, Baba.

Nikauliza, mbona sisi wa nyumbani hatukusikia?

"Mngesikiaje, Mama Kabula? Mjomba alimwomba kwa kumnong'oneza."

Na baba alijibu?

"Palepale. Alisikia vizuri tu."

Wewe, Baba, ambaye tangu baruti ya mgodini Nyarugusu ikupasue masikio hukuwahi kusikia hata jogoo. Wewe ambaye ukimsalimia mtu, kuku wanakimbia. Nilimwomba Shija arudie, naye akarudia kwa raha kabisa. Watu wakaanza kucheka. Mzee Luhende akajishika kichwa. Nilipotoa cheti chako cha hospitali, Shija akasema labda siku ile ulikuwa umepata nafuu.

Lakini Luhende si mjinga. Zamu yake ilipofika, aliniuliza: "Siku ya mwisho tulikuona umemwinamia baba yako, unamnong'oneza. Kama alikuwa hasikii, ulikuwa unamwambia nini?"

Nilikuwa nimeapa. Nikasema nilikuwa nakuomba radhi. Betri za redio yako hazikuwahi kuadimika madukani Tinde kama nilivyokudanganya. Nilizificha kwenye gunia la mpunga, maana redio ile ulikuwa unaifungulia hadi mwisho ili angalau uhisi mtetemo wake, nayo ilikuwa inanipasua kichwa. Hakimu akauliza kama ulisikia. Nikasema hapana, hukusikia. Hapo nikalia mbele ya watu wote, maana mpaka dakika ile nilikuwa najidanganya kwamba ulinisamehe.

Ng'ombe ni wetu, hakimu ameshasema.

Basi Jumamosi, nikishakamua, nitakuja hapo kaburini nyuma ya nyumba, nikuombe radhi upya kwa sauti yote niliyo nayo. Luhende akisikia kutoka kwake, na asikie. Lala salama, Baba.

Binti yako,
Milembe