Dakika Nne za Jiwe la Kijani

Baba,

Shikamoo. Arobaini yako ilipita Jumamosi, wageni wameondoka, na mimi mwanao nimerudi uani kwenye mabeseni yetu ya kusafishia mawe. Asidi sijaigusa. Naosha glavu tu, nazianika, naziosha tena.

Lile jiwe la kijani la Mpwapwa limetoka zuri. Zuri hadi linaniudhi. Ukoko wa chokaa umeisha wote, fuwele zinang'aa, na lile shina jeupe zilikoota fuwele, ulilolifunika kwa nta ya mshumaa, asidi haikuligusa hata kidogo. Mama ameliweka sebuleni juu ya kitambaa. Kila anayekuja kuhani anaonyeshwa kazi ya mwisho ya mzee. Majirani hapa Chang'ombe wanasema nimerithi mkono wako. Nashukuru, halafu naenda bafuni kulia.

Hakuna anayejua zaidi yako, kwa hiyo acha niseme.

Ulinifundisha kwa maneno machache. Jiwe lishibe maji kwanza, ndipo liingie kwenye asidi iliyozimuliwa. Mapovu yakipungua, toa. Na kubwa kuliko yote: "Likishaingia, usiliache hata nyumba ikiwaka moto." Nilikuwa nacheka. Mpaka siku nilipoliacha moja nikaenda kufungua geti, nikakuta fuwele zimedondoka ndani ya beseni kama meno. Hukunigombeza. Ulininunia wiki nzima, afadhali ungenichapa.

Siku ile ya mwisho, hili la kijani likiwa kwenye asidi, ulikwenda stoo kuchukua magadi ya kuua ukali wake. Mimi nimeinamia beseni, macho kwenye saa. Nikasikia kishindo. Halafu ukaniita, "Zuhura," mara moja, kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikaitika, "Abee, nakuja."

Sikuja, Baba. Nililitoa jiwe, nikalisuuza, nikalibadilishia maji mara mbili. Nilitaka ulikute salama, unisifu. Dakika nne, labda tano. Nilipofika mlangoni ulikuwa umelala ubavu, pakiti ya magadi imepasuka mkononi, na macho yako hayakunitafuta.

Watu wanasema ni presha, siku zako zilikuwa zimefika. Daktari sijamuuliza kama dakika zile zingesaidia. Nimefika getini hospitali mara mbili, nikageuza. Akisema ndiyo, nitaishije? Akisema hapana, bado uliniita na sikuja.

Jana Mama kanishika mkono, akasema anamshukuru Mungu kwamba hukufa peke yako, kwamba nilikuwa karibu. Nikamwacha aamini.

Siwezi tena. Kesho akishaswali alfajiri nitamkalisha, nitamwambia yote, hata kama hatanitazama usoni tena. Jiwe atajua mwenyewe la kulifanya. Wewe pumzika, Baba yangu, Mungu akupanulie kaburi lako. Nakuombea kila siku, ila nikishasema "nisamehe," maneno mengine hayatoki.

Na Mama akiniuliza kama nilikusikia, nakuahidi, nitasema nilisikia.

Mwanao,
Zuhura