Mchele Uliosimama Hewani

Mjukuu wangu Neema,

Huku kijijini Mamba wote wazima, ni kipara changu tu kinachozidi kutanuka. Umeuliza mchele ulisimamaje hewani kwenye picha ya mama yangu.

Mwalimu mgeni alibakiza picha moja kwenye filamu, na mama alikuwa hajawahi kupigwa picha. Mwalimu aliziba madirisha kwa blanketi, akaacha kamera wazi gizani. Taa yake ingewaka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kamera ingenasa hapo tu. Mimi mjuaji, nikaamuru kama mpiga picha wa studio: “Mama, usitikisike!”

“Sasa mchele upepetwe na nani, wewe?” Akacheka, akaurusha mchele juu kwa ungo. Taa ikawaka.

Hatuna picha nyingine ya mama, na humo anacheka. Nashukuru hakunisikiliza.

Babu yako