Mkono wa Jerida Haukufika Sikioni

Landi za Reli,
Nakuru

Mama Jerida mpenzi,

Pokea salamu zangu na za mtoto, ambaye amekaa hapa kando yangu anachambua maharagwe na kuniuliza kila mara nimefika wapi. Sisi ni wazima. Kikohozi chake kimeisha. Je, mgongo wako? Na mvua huko Maragoli imeshuka, au bado mnatazama mawingu tu? Nijulishe pia kama yule ndama alipona.

Najua unachongoja ni habari ya shule. Nimechelewa kuandika kwa sababu nina aibu. Nakwambia mapema ili usisome ukidhani kuna ugonjwa.

Uliponikabidhi Jerida uliniambia nitafute shule nzuri, si ya karibu tu. Nilitafuta kweli. Kila nilipopata mapumziko pale karakana ya reli, nilioga nikaenda kutazama. Za Wazungu na za Wahindi nilipita nje tu, hizo si zetu. Ya misheni ilinipendeza, lakini wanataka mtoto aliyebatizwa kwao, na wewe ungenifukuza nyumbani. Zikabaki mbili.

Moja iko upande wa Bondeni. Kuta za mawe, madirisha ya vioo, madawati, na kila darasa lina mwalimu wake. Nyingine iko huko chini karibu na ziwa. Kuta ni za udongo, watoto wanakalia magogo, na mwalimu ni mama mmoja tu, Mwalimu Tabitha, anayefundisha madarasa mawili kwa zamu. Upepo ukivuma, vumbi jeupe la magadi linawaingia mpaka machoni. Nilisimama mlangoni nikamwambia yule mama, watoto wakisikia, kwamba mtoto wangu hawezi kusomea kwenye zizi. Aliendelea na hesabu zake.

Sasa ile ya mawe. Watoto wetu hawana karatasi za kuzaliwa, kwa hiyo kipimo ni kile unachokijua: mtoto apitishe mkono juu ya kichwa, aguse sikio la upande wa pili. Asipofika, basi hajatimiza umri. Wewe na mimi tunajua Jerida ametimiza, ila ni mfupi, amechukua kimo cha kwenu. Nilimpima hapa chumbani, vidole vikaishia juu ya sikio. Basi nikamfundisha ujanja: ainamishe shingo kidogo, ainue bega, sikio lifuate mkono. Tulirudia jioni nyingi huku tukicheka, mpaka akaweza vizuri kabisa.

Siku ya kuandikisha, wazazi walijaa uwanjani. Ernest, yule mchochea makaa tunayekaa naye katika nyumba hizi za landi za wafanyakazi wa reli, alikuwa nyuma yangu na mwanawe. Zamu ya Jerida ilipofika, akalishika sikio. Mwalimu mkuu akasema, "Vizuri. Sasa simama wima ufanye tena."

Jerida akaniangalia, kisha akajibu kwa ile sauti yake ya kuimbia kanisani: "Nikisimama wima haufiki. Baba alisema nipinde shingo hivi."

Watu walicheka, Mama Jerida. Ernest alicheka mpaka akashika magoti. Mwalimu mkuu hakucheka. "Mzee," akaniambia, "huyu mtoto ni mkweli. Sijui ameutoa wapi huo ukweli. Mlete mwaka ujao." Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Njiani Jerida aliniuliza, "Baba, nimekosea wapi?"

Nikamwambia hakukosea.

"Basi mbona unatembea haraka hivyo?"

Nikapunguza mwendo.

Nisingeweza kumwacha mwaka mzima peke yake chumbani nikiwa kazini, na kumrudisha kwako bila kusoma niliona vibaya zaidi. Kwa hiyo nilirudi kule chini, kofia mkononi. Mwalimu Tabitha alinitambua mara moja.

"Karibu, Baba," akasema. "Zizi bado liko."

Heri angenitukana. Akamwambia Jerida ajaribu mkono. Mtoto akasimama wima kama askari, akanyoosha, akashindwa. "Umebakisha kidogo tu," mwalimu akasema. "Utafikia hapa hapa. Nenda ukae pale mbele."

Sasa anasoma huko. Anarudi nywele zimejaa vumbi, lakini anarudi anaimba. Najua uliwaambia akina mama wa kanisa kwamba binti yako ataingia shule ya mawe. Aibu hiyo nimekutwika bila kukuuliza, na inaniuma. Wakiuliza, usinifunike. Waambie mumeo alitaka kumpitisha mtoto kwa ujanja, mtoto akasema kweli.

Nisalimie mama yangu, umwambie mwanawe hajakonda. Nisalimie kaka yako fundi wa baiskeli, na jirani yetu mfinyanzi aliyemfungia Jerida viazi vya safari.

Nilitaka kufunga barua hapa, lakini kuna jambo la jana. Kila jioni Jerida hujipima sikio. Nikamwita, "Njoo nikutazame kama umefika."

"Hapana, Baba," akasema. "Wewe usitazame. Atanitazama Mama Achieng'."

Akaenda kwa huyo jirani yetu wa hapa landi, nikabaki mlangoni.

Ni mimi mumeo,
Zakayo, Baba Jerida