Nilivyotafsiri Siku ya Tango

Bura, Taita.
9 Novemba, 1975.

Mpendwa Dada Mbeyu,

Pokea salamu zangu kutoka huku milimani. Je, Elsie ameacha kukohoa? Nawe umeizoea baridi ya Nairobi? Mimi ni mzima, ila mtihani wa kidato cha tatu unanitia hofu.

Mvua zimeanza. Mama Mkubwa amepanda kabichi kule Mwanda, lakini mwaka huu haimbi akilima.

Umeniuliza kwa nini mumeo Danson anapita Voi na treni kila wiki wala hapandi Mwanda kumsalimu mama yako, na kwa nini amekataa mje Krismasi. Unadhani ana mwanamke Voi. Dada, hana. Kosa ni langu.

Likizo ya Agosti nilikuwa kwa baba, Voi. Bi. Renata, Mwitaliano ambaye mumewe ni fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge, alikuwa akifundisha dansi ya tango ukumbini kila Jumamosi alasiri, Wazungu na wenyeji pamoja. Kiswahili chake ni kidogo, basi baba akanitoa niwe mkalimani.

Jumamosi moja Mama Mkubwa alimaliza kuuza kabichi akaja kunichukua. Bi. Renata akamvuta ndani. Akacheza na mzee Kituku, fundi cherehani, amenyooka kama msichana. Wanawake wakamtania, "Mama Mbeyu, kabichi umemwachia nani leo?" Sikuwa nimemwona akicheka vile tangu baba yenu afariki.

Ndipo Danson akaingia, ametoka kazini na sare yake ya gadi wa treni, akajiunga na wanaume bila kutazama upande wa wanawake. Bi. Renata akapiga makofi: "Badilisha!" Kila mwanamke akahamia kwa mwanamume wa pili, na Mama Mkubwa akajikuta mbele ya mkwewe, watu ambao kwetu hawapeani hata mkono.

Wakaganda. Bi. Renata akadhani ni haya tu. Akawaunganisha mikono, akaniambia kwa Kiingereza niwaambie wasogeleane, tango haichezwi kwa woga.

Nilikuwa na jibu la kumpa: hawa ni mtu na mkwewe, kwetu ni mwiko kugusana. Sentensi ilikuwa kamili kichwani, hata sarufi nimeikagua. Lakini ukumbi mzima ulikuwa unanitazama, Wazungu kwa Wadawida wenyeji. Nikatafsiri, "Sogeleaneni."

Danson alisema tu, "Nisamehe, mama," akatoka. Mama Mkubwa akajifunika uso kwa leso.

Babu Obadiah anasema jambo hili halivunji nyumba. Danson alete mbuzi, wazee waseme maneno yao, liishe. Lakini lazima aje mwenyewe. Naye mama yako anadhani umeshaambiwa, na ndiyo sababu huji.

Nakusihi, msomee Danson barua hii. Mwambie aliyestahili kuona haya ni mimi.

Bi. Renata ameniandikia kuuliza mbona yule mama hodari haji tena. Sijamjibu.

Nisalimie Danson, na umbusu Elsie. Mungu awalinde njia nzima hadi mfike mlangoni kwa mama.

Mdogo wako akupendaye,
Tryphena.