Kibao cha Fundi Saa Kiko Nyumba Siyo

Shangazi Beryl mpendwa, nimekwama na sioni pa kutokea, nisaidie. Mimi ni katibu wa chama cha historia cha mji wetu wa Skelderby, mwaka wa kumi na tisa huu, na mji huu naupenda, Shangazi, soko lake la Jumamosi, ukumbi wake wa mawe, na ile saa kubwa aliyoitengeneza Ambrose Thackray mwaka 1768 ambayo mpaka leo haijamdanganya mtu hata dakika moja, basi miaka mitatu iliyopita ni mimi niliyepekua hati za kanisa nikakuta Thackray aliishi namba 14 Mtaa wa Kondoo, tukapigilia kibao cha buluu cha kumbukumbu ukutani kwa mzee Clifford Raistrick, mchinjaji mstaafu, ambaye wakati huo alikuwa amefiwa na mkewe na hata mlango hafungui. Kibao kikamfufua! Kila Jumamosi kabla kengele ya soko haijalia anakifuta kwa kitambaa, anavaa tai, anasimama mlangoni na kuwaambia wapita njia, "Karibuni jamani, saa mnayoitazama ilizaliwa jikoni kwangu!"

Sasa mwezi uliopita nimefungua ramani ya zamani, kumbe mwaka 1881 namba za mtaa mzima zilibadilishwa, wakaanza kuhesabu kutoka kanisani badala ya darajani, na namba 14 ya Thackray ndiyo leo saluni ya mbwa kule mwisho wa mtaa, na kwa mzee Clifford enzi hizo alikuwa akiishi mjane mmoja tu, Hester Tranmer, aliyepima siagi ya wachuuzi sokoni miaka thelathini na moja na siku moja akarushiwa mayai na wachuuzi kwa kukataa mizani yao ya kupunja watu, basi. Mwenyekiti wetu, Bwana Hebden, ananiambia, "Doreen, funga mdomo, wenye ushahidi wote wako makaburini." Lakini kitabu kipya cha mji kinakwenda kuchapwa Ijumaa na jina langu liko juu yake, na nikimwambia mzee ukweli naogopa atarudi kujifungia ndani. Niseme, au nife nalo?

Doreen Applegarth, Skelderby

Doreen, pole sana. Watu kama wewe nawavulia kofia, mnaokaa majira ya baridi mazima kwenye vyumba visivyo na moto mkisoma habari za marehemu wasio wenu, bila hata asante. Bila ninyi miji yetu ingekuwa maegesho ya magari tu.

Lakini mama, miaka kumi na tisa ya ukatibu, na hukuuliza kama namba zilihamishwa? Haya, yamekwisha. Huyo Hebden mwambie afunge mdomo yeye. Mji ambao saa yake haidanganyi, kitabu chake kidanganye kwa sababu gani?

Ila kilichonipandisha hasira hasa ni kingine. Umeandika "mjane mmoja tu." Mmoja tu! Mwanamke amesimama sokoni miaka thelathini na moja, amekula mayai ya uso ili maskini apate siagi yake kamili, nawe unamalizia na "basi"? Ona haya, Doreen.

Sikiliza. Alhamisi nenda kwa mzee, peke yako, usimpigie simu wala usipeleke kamati. Mwekee ramani mezani, mwambie kosa ni lako, na umwombe akifungue kibao kwa mkono wake na akipeleke mwenyewe saluni ya mbwa, amevaa tai yake. Atanuna, na ana haki ya kununa. Mwache anune, mmiminie chai. Kisha toa karatasi ulikosoma habari za Hester, umsomee zote, hata ile ya mayai. Halafu mwulize huyo mchinjaji, aliyesimama nyuma ya mizani maisha yake yote, kama bado anataka nyumba ya fundi saa.