Ulezi Ulioota Juu ya Kaburi la Bibi Wankyo

Mwanangu Mwita,

Nakusalimu kwanza mimi mama yako niliyekuzaa. Baba yako anakusalimu, asubuhi kifua kinambana lakini jua likipanda anatoka. Dada yako Ghati anakuamkia shikamoo. Sasa amenipita urefu, usije ukamwita tena kisiki. Mdogo wako Marwa yuko darasa la tatu, naye anakuamkia. Mama Robi, jirani yetu wa zamani, tumewekwa naye jirani tena huku kijijini, anasema umsalimie mkeo kama umeoa, na kama hujaoa anauliza unangoja nini. Yule ng'ombe mwekundu amezaa mara mbili. Bibi yako hakusalimu. Alifariki mwaka ule ule ulipoondoka, na aliulizia habari zako mpaka sauti ikaisha.

Basi sisi wengine wazima. Wewe ndiye hatujui. Misimu mitatu ya ulezi imepita na sina hata neno moja lako. Shangazi yako wa Nyamwaga alisema mtu kakuona Sirari ukipakia magunia. Mwingine akasema uko Tarime mjini. Mwingine alikaa jikoni kwangu akasema eti umekufa, na huyo nilimwambia amalize uji wake aende.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Tunasoma elimu ya watu wazima ghalani, jioni tukitoka shamba la kijiji, na mimi sasa naandika, polepole. Nimeiandika mara tatu. Moja iende kwa shangazi yako, moja nimempa dereva wa lori la pamba, moja ibandikwe mlangoni pa kanisa la Tarime. Sikuifunga. Atakayeiona aisome, na kama anamjua kijana mrefu mwenye kovu juu ya jicho la kushoto, ampe. Najua ndani yake kuna siri ya nyumba yetu ambayo bibi yako aliniapisha nisiitoe. Wakiisoma watu, waisome. Sina njia nyingine ya kukufikia.

Unakumbuka yale makaburi ya zamani kule kwetu, upande wa Ikoma, yamepangana mlimani nyuma ya ua wa minyaa? La Bibi Wankyo ndilo la mwisho, lenye mawe kuzunguka. Ulikuwa unataka nikusimulie kila siku, na nikikosea unanisahihisha. Kwamba mwaka wa njaa kubwa Bibi Wankyo alikuwa na kibuyu kimoja cha mbegu ya ulezi, akakilalia kama kuku anavyolalia mayai. Watoto wake wanalia, yeye hafungui. Mvua iliporudi akapita nyumba kwa nyumba, kila nyumba konzi moja, mpaka kikabaki tupu. Akafa kabla ulezi haujakomaa. Wakamkuta amefumba kiganja cha kulia, hakifunguki, wakamzika hivyo hivyo. Tangu hapo kila mwaka ulezi unaota juu yake, mahali pa urefu wa mtu, hauzidi na haupungui. Wanawake wanatoka mbali hata Robanda kuomba punje chache wachanganye na mbegu zao. Na yule mzee aliyekata masuke mawili kwa ubishi akaota moto akiyatafuna, akapotea njia ya nyumbani kwake mwenyewe mchana kutwa, wanawe akawapita mara mbili asiwajue.

Nami nakumbuka siku ile ulikuwa na miaka sita hivi, meno ya mbele huna. Nyumbu walikuja mapema. Tulikuwa tumekaa juu ya jiwe, mimi nimekushika shati, wakapita chini yetu wengi hata ardhi ikawa inatetemeka ndani ya matumbo yetu. Mashamba yote ya jirani yalikwisha. Walipofika pale kaburini wakagawanyika, wengine kulia, wengine kushoto, kama maji yakikuta jiwe, wakakutana tena mbele. Ulezi ulikuwa umeiva, unawagusa mbavu, na hakuna aliyeinamisha kichwa. Ukaniuliza, "Mama, nani anawaambia?" Nikakushika shati kwa mikono miwili.

Sasa siri yenyewe, ambayo wewe nilikuambia vibaya na nataka nikuambie vizuri.

Mwaka wa pili wa ndoa yangu, mvua za kwanza zikinukia, bibi yako aliniamsha alfajiri, akanipeleka makaburini. Akatoa mbegu kwenye pindo la nguo. Akapanda kwa mkono, urefu wa mtu, akafukia kwa kiganja. Mimi nilisimama nimeduwaa kama aliyemkuta baba mkwe wake anaoga. Akaniambia, "Wafu hawana jembe, binti yangu. Wenye jembe ni sisi." Akaniambia kwamba naye alionyeshwa na mama mkwe wake, na yule na wake, mpaka kwa yule aliyemfuata Bibi Wankyo mwenyewe. Kila mwaka mwanamke mmoja wa nyumba yetu anapanda, na hasemi. Nami nikapanda miaka kumi na minane, nisiseme.

Ndipo ikaja ile siku serikali ilipotuhamishia huku kijijini. Lori linanguruma, mgambo wanaezua mapaa, baba yako anafunga kuku miguu. Wewe ukaenda ukaketi juu ya kaburi. Ulisema waende na nyumba zote, wewe hutoki pale, maana Bibi Wankyo hajahamishwa. Watu walicheka kidogo, halafu wakaacha kucheka. Yule mgambo mwenye fimbo alianza kukunja mikono ya shati. Mwanangu, niliona fimbo tu. Sikuona kitu kingine duniani. Nikaja nikainama sikioni kwako nikakuambia: hakuna muujiza hapa, huu ulezi tunapanda sisi kwa mikono, bibi yako na mimi, inuka.

Ukainuka. Ukanitazama ukasema, "Kumbe hata wewe, mama." Ukabeba mizigo yote mizito, ukatusimamishia nguzo za nyumba huku kijijini siku mbili bila kula vizuri, siku ya tatu kitanda chako kikawa tupu. Nilikutoa kaburini nikakutoa na nyumbani.

Tangu siku hiyo sikupanda tena. Kutoka huku ni mwendo wa kutwa kwenda na kurudi, na siku za shamba la kijiji majina yanaitwa kila asubuhi. Lakini nisidanganye, si umbali. Ni aibu. Niliona nimemkana marehemu juu ya kifua chake. Bibi yako nilimficha, akafa akiamini nimepanda. Na mwingine wa kupanda hayupo, maana Ghati sijamwonyesha.

Basi sikiliza. Juma lililopita mimi na Ghati tulikwenda mahame, kule tulikohamishwa, kuchimba mihogo iliyobaki. Nyumbu walikuwa wamepita siku mbili nyuma, nyasi zimelala, samadi kila mahali. Mahali ilipokuwa nyumba yetu pamebaki kichuguu. Mihogo ngiri wameimaliza. Nikataka turudi, Ghati akasema tusalimie makaburi kwanza. Tukazunguka minyaa.

Mwita, ulezi upo. Urefu wa mtu. Umesimama, masuke yamefumba kama ngumi, mekundu, na kwato za nyumbu zimechimba ardhi kulia na kushoto mpaka kwenye mawe, hazikuvuka. Nilipiga magoti bila kupenda. Ghati alinishika bega, mkono wake wa baridi.

Nikajiambia, labda mbegu za zamani zimejiotea. Halafu nikaangalia chini. Pamepaliliwa. Ulezi mwitu, ule unaofanana na ulezi hata wakulima wazima wanakosea, umeng'olewa mche mmoja mmoja, na umelazwa juu ya mawe, mizizi ikitazama juu ili ikauke. Hivyo ndivyo napalilia mimi shambani. Na mtu niliyemfundisha ni mmoja tu, wewe, kwa sababu Ghati alikuwa bado mgongoni na sikuwa na binti wa kunisaidia. Wavulana wenzako walikuwa wanakucheka, wanakuita mke wa Chacha, kwa jina la baba yako, na wewe unawajibu kwamba mke wa Chacha anakula ugali na wao wanakula mdomo.

Ghati alisema, "Mama, ni kaka." Nami nikataka kuamini. Lakini bibi yako naye alipalilia hivyo hivyo, ndiye aliyenifundisha, na yeye alifundishwa na waliolala pale kwenye mstari. Mama Robi nilipomwambia alisema wazi kwamba ni Bibi Wankyo mwenyewe ameamka kwa sababu walio hai wamemchoka. Mwenyekiti wa kijiji anasema ni mpita njia. Baba yako kesho yake alichukua fimbo akaenda na kifua chake hicho kibovu, akarudi jua limezama. Akasema hakumwona mtu, lakini alivua kofia, na hakuivaa mpaka alipofika barabarani. Kisha akasema, "Mwandikie. Mwambie sina neno naye."

Kwa hiyo nakuuliza, na wote wanaosoma hii wanasikia. Ni wewe? Ulipita pale ukapanda, ukarudi ukapalilia, ukapita karibu na mama yako kiasi hicho usifike? Kama ni wewe sikulaumu. Nilikuambia hakuna kitu pale, na wewe ulikwenda ukapanda. Mimi ndiye niliyesahau kwamba mkono wa kupanda na yule anayewazuia nyumbu ni mambo mawili, na la pili hakuna mwanamke wa nyumba yetu aliyewahi kuliweza.

Na kama si wewe, basi niambie tu kwamba unapumua. Mengine nitayaacha pale yalipo, nami nitapita mbali nimevua viatu.

Wanawake wameanza kuja kuomba mbegu. Nimewakatalia. Sijakata hata suke moja, kwa sababu aliyepanda ndiye avune, na mimi simjui. Ulezi haungoji, ndege wameshauona. Nijibu upesi, mwanangu, kwa barua, kwa dereva, kwa mtu yeyote anayekuja upande huu. Au usiandike, njoo na kisu.

Ni mimi,
Mama yako