Silinda ya Mlango wa Mbele

Alhamisi, 30 Oktoba 2025

Manasseh ameingia tena nyumbani mwangu leo nikiwa dukani nashona. Nimejua kwa sababu ya kikombe. Amekunywa chai yote ya thamosi na kuacha kikombe mezani kama yuko hotelini! Ufunguo anao tangu tumzike mume wangu Obadiah. Siku ile Tata Mogire, baba mkwe, alisema mdogo wa marehemu akae na ufunguo mmoja kwa usalama. Usalama gani? Mwizi hapa ni nani?

Jioni akanisubiri njiani. Eti Brandon wake anaoa Desemba na hana pa kuweka mke. Eti nyumba yangu ni kubwa na mimi ni mtu mmoja, na binti yangu Linet yuko chuoni Mombasa, naye ataolewa aende zake. Kwa hiyo Brandon ataleta vitu Jumapili ya tarehe tisa. Na mimi? Nitahamia lile jiko la nje.

"Ni mabati mazuri tu, shemeji."

Mabati mazuri! Nimemtakia usiku mwema, nikaingia, nikatia komeo, nikakaa kitandani na hasira zangu. Nyumba hii tumeijenga mimi na Obadiah, chumba baada ya chumba, nikishona sare za shule mpaka vidole vikaota sugu. Godoro la Brandon likilala humu mara moja tu, halitoki tena. Hilo nalijua.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimepita kwa chifu. Atatusikiliza Jumatatu ya tarehe kumi, kabla ya hapo yuko kwenye mikutano. Yaani siku moja BAADA ya Brandon kuhamia! Chifu akija akute nani yumo ndani? Kila kitu kiko hapo.

Basi mlango.

Fundi wa kufuli wa hapa Marani anaimba besi kwaya moja na Manasseh. Nikimwita asubuhi, jioni Manasseh ana ufunguo mpya. Kitasa kipya pia hapana. Kitang'aa, na kijiji kizima kitauliza. Nataka mlango ubaki vilevile kwa nje, ila ndani ya silinda, kile chuma kinachopokea ufunguo, mambo yawe mengine.

Stoo kuna kitasa cha zamani cha kampuni ileile, na funguo zake mbili. Silinda yake ni fupi, haitoshi unene wa mlango huu. Lakini pini zake! Nikizihamisha pini zile hadi silinda ya mlango wa mbele, ufunguo wa stoo ndio utakaofungua nyumba. Nimetazama video mara mbili. Nimefungua cherehani na kuifunga tena mara ngapi maishani? Hii itanishinda?

Kesho ni Sabato. Boma zima ni Waadventista. Mimi niliolewa Mkatoliki kutoka Nyamira na nimebaki Mkatoliki. Kesho hata kuku hatanichungulia.

Jumamosi, 1 Novemba

Wamepita wote na Biblia zao. Nikaanza.

Skrubu ya ubavuni mwa mlango imetoka vizuri. Silinda ikakataa. Nikavuta, nikatukana kimoyomoyo, nikavuta tena. Kumbe lazima uzungushe ufunguo kidogo ili ule ulimi wa katikati ulale. Video ilisema, mimi nilikuwa nimeruka hapo mbele.

Ndani kuna pini tano za shaba, kila moja na urefu wake, na juu ya kila moja pini nyingine na springi. Meno ya ufunguo yanazisawazisha zote, ndipo kiini, ile sehemu ya katikati ya silinda, kinazunguka. Basi! Ni hilo tu. Watu wanaogopa bure.

Nikavuta kiini — springi zikaruka! Moja kwenye nywele zangu, nyingine chini ya kabati. Ulitakiwa kusukuma kijiti nyuma ya kiini kikiwa kinatoka, kizibe matundu. Nimetambaa sakafuni na ile sumaku yangu ya kuokotea pini za nguo. Nimezipata. Halafu pini za stoo nikazimimina zote kwenye kisosi kwa pamoja. Ipi ya mbele, ipi ya nyuma? Aliyejua ni Mungu. Nilipozipanga, mbili zikakaa, tatu zikakataa. Nikaziacha nje hizo tatu. Mbili zinatosha, si ufunguo umezunguka? Umezunguka laini kama siagi!

Upande wa ndani wa mlango sikuugusa. Huo ufunguke tu na ufunguo wa zamani. Manasseh hatakuwa ndani.

Nimemaliza kabla ya watu kutoka kanisani. Mimi ni fundi!

Jumapili, 2 Novemba

Misa. Nimeimba kwa sauti.

Wakati wa kurudi, Tata Mogire alikuwa pale njiani na redio yake kwapani. Huwa anasimama palepale akinisemesha, macho kwenye migomba. Ameuliza kama sisi Wakatoliki hatupumziki Sabato, maana jana mguu ulimuuma, akarudi mapema, akasikia kitu kinagongagonga kwangu.

"Nilikuwa naokota pini, Tata."

Si uongo! Akasema mm. Huyu mzee mm yake ina vyumba vingi.

Jumatatu, 3 Novemba

Aibu. Nimerudi kutoka dukani na kukuta mlango wazi. Manasseh yuko chumbani kwangu na futi ya kupimia, anapima ukuta wa kitanda cha Brandon!

Nimemuuliza ameingiaje. Akanishangaa. Kwa ufunguo, shemeji, si kama kawaida? Akauinua nikauona. Ni uleule.

Alipoondoka nimeweka funguo mbili mgongo kwa mgongo, ule wa zamani na ule wa stoo. Meno mawili ya mwisho yanafanana kabisa. Na mimi nimebakiza pini mbili tu — palepale! Ningejaribu ufunguo wa zamani Jumamosi ningejua papo hapo. Sikuujaribu. Nilijaribu unaofungua tu, kwa sababu ndio niliotaka ufungue. Kichwa changu hiki!

Lakini ngoja. Manasseh hajui kitu. Hajahisi mkono wangu umepita mle. Anaamini mlango ni wake kama jana. Hapo bado niko mbele yake.

Jumatano, 5 Novemba

Leo wana maombi ya katikati ya wiki. Nimefunga duka mapema.

Safari hii sikukimbia. Nimechonga kijiti cha mti wa mpera, unene sawa na kiini, nikakilainisha kwa tupa ya kucha. Kiini kikatoka, kijiti kikaingia nyuma yake, springi zote zimetulia kama watoto wa komunyo ya kwanza. Nimekata kipande cha sabuni ya kufulia na kila ninachotoa nakichomeka mle kwa mpango wake, cha kwanza kwanza. Kisha ufunguo wa stoo ndani ya kiini, na pini moja moja, najaribu tundu kwa tundu. Pini sahihi inalala sawa na uso wa kiini. Haichungulii, haizami. Ni kama kupachika mkono wa gauni, bega halidanganyi.

Pini ya nne ilichungulia kidogo sana. Nikashika tupa niilainishe. Nikaiweka chini. Nikaitoa, nikaigeuza — nilikuwa nimeisimamisha kichwa chini! Ikalala.

Mafuta ya cherehani sikutia. Video inasema yanashika vumbi. Nimekwangua penseli, nikapuliza ule unga mweusi ndani.

Ufunguo mpya: unafungua. Wa zamani: haufungui. Tena. Haufungui! Nimeujaribu mpaka kiganja kikaniuma. Pini zote tano zimo. Nimecheka peke yangu sebuleni.

Ijumaa, 7 Novemba

Linet amepiga simu. Mum, kwa nini usije tu Mombasa ukae na mimi mpaka haya yaishe? Nimemwambia nikitoka hayaishi, yanaanza.

Manasseh hajaja. Yuko kwenye majani chai. Vizuri.

Naogopa kidogo. Kidogo tu.

Jumapili, 9 Novemba

Naandika nikiwa sebuleni. Wako nje.

Pikapu imefika asubuhi. Kitanda, godoro, viti vipya bado vimefungwa nailoni. Misa nimeikosa, Mungu anaelewa. Komeo sijalitia. Nilitaka silinda ifanye kazi yenyewe.

Nimesikia ufunguo ukiingia. Akauzungusha. Haukuzunguka! Nikachungulia pembeni mwa pazia. Ameutoa, ameupuliza, ameupangusa kwenye suruali, ameurudisha. Siwezi kusema uongo hapa, nimesikia raha mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Shemeji! Hii kitasa imekuwa nini?"

Nimemjibu haina shida yoyote. Mimi inanifungulia.

Makelele. Kwamba nimefanya mchezo, kwamba hii ni boma ya watu. Nimemsikia Brandon akisema polepole, mzee, si tuachane na hii story, mi naona aibu. Baba yake akamwagiza alete mtaimbo kwa pikapu.

Silinda haiwezi mtaimbo.

Ndipo Tata Mogire akaja, polepole, na fimbo. Manasseh akamwomba atoe neno tu, mlango uvunjwe, yeye ndiye mwenye boma. Mzee amemwambia Brandon ashushe kiti kimoja. Kikawekwa hapa, mbele ya mlango wangu kabisa, uso kwa uso nao, karibu goti liguse ngazi. Akaketi juu ya ile nailoni.

"Vunja basi," akamwambia Manasseh. "Vunja nikiwa hapa. Nione ndani ya nyumba ya mke wa mwanangu, na hawa watu wote wakiniona."

Hiyo ni ensoni. Baba mkwe haingii kwa mke wa mwanawe, wala hatupi jicho ndani. Tangu niolewe Tata hajui vitambaa vya viti vyangu vina rangi gani. Mlango huu ukianguka mbele ya macho yake, aibu si yangu. Ni ya aliyeuangusha.

"Tata, sogea kidogo."

"Mguu unauma. Sisogei."

Manasseh ameshusha mtaimbo. Majirani wamejaa kwenye ua. Mimi machozi yananitoka na sijui ni ya nini.

Halafu sasa hivi mzee amepaza sauti.

"Mama Linet! Kuna chai?"

Manasseh akamwambia ataagiza iletwe kutoka kwake. Mzee akasema hakuomba ya kwake.

"Naomba ya mwenye nyumba."

Mwenye nyumba! Amesema mbele ya watu wote. Alilosema kwenye mazishi pia alilisema mbele ya watu wote. Niamini lipi? Kumpitishia mzee kikombe katikati ya vyuma vya dirisha kama mahabusu siwezi, na anajua siwezi. Lazima nifungue. Nikifungua, atageuza uso, kama siku zote, na njia itabaki wazi. Na nyuma ya kiti chake amesimama Manasseh, mtaimbo bado uko mkononi.

Nimewasha gesi. Nimetoa kikombe cha maua, kile cha wageni. Funguo zote mbili, mpya na wa zamani, ziko mfukoni.

Maziwa yanapanda.